Hamira ya asilimia 18 imegoma kwenye 9: mbegu mbovu au mkono wangu?

Kizibo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Nilipata hamira kavu, pakiti imeandikwa inavumilia pombe hadi asilimia 18. Nikasema leo sichezi. Nikaweka sukari gramu 300 kwa kila lita, jumla lita 20, haidromita (kile kipimo cha uzito wa maji ya sukari, maji matupu husoma 1.000) ikasoma 1.115. Hesabu yangu ni ile tunayopeana humu kila siku: gramu 17 za sukari kwa lita huzaa kama asilimia 1 ya alkoholi. 300 gawanya kwa 17 unapata 17 na ushei. Hamira inafika 18, sukari inaishia 17, nikaona mambo yamejipa.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili povu jembamba. Siku ya nne chombo kinanguruma. Siku ya tisa kimya tena, haidromita 1.048, na haijasogea hadi leo ninapoandika. Hiyo ni asilimia 9 hivi. Nimetikisa, nimepasha moto kidogo, nimetia pakiti ya pili ya hamira ileile. Wapi.

Je, pakiti imenidanganya? Na kama hamira inaweza kufanywa sugu zaidi, inafanywaje?

Mpita Njia

Tia pakiti ya tatu mkuu. Huenda hao wa kwanza wanaona aibu kufanya kazi wakiwa wachache.

Bi Kipimo

Kabla watu hawajaanza kulaumu kiwanda: uliiamsha vipi hiyo hamira? Joto lilikuwa ngapi, mchana na usiku? Ulilisha nini zaidi ya sukari? Na uliingiza hewa mwanzoni?

Kizibo

Bi Kipimo, niliinyunyiza juu kwa juu. Mchanganyiko nilishauchemsha, nikaufunika, nikauacha hadi ukapoa kabisa. Chakula ni sukari nyeupe, basi, na juisi kidogo kwa ajili ya harufu. Joto sikulidhibiti, ila kipimajoto cha ukutani mchana kilikuwa 34. Hewa ndiyo kwanza naisikia. Si tunaambiwa hewa ni adui?

Seli Moja

Kizibo, kaa chini. Kazi yangu ya kila siku maabara ni kuhesabu hamira chini ya hadubini. Unatia tone la rangi ya buluu ya methileni: seli iliyokufa inakuwa buluu, iliyo hai inabaki bila rangi. Ningepewa tone la chombo chako siku ya tisa, nadhani ningeona buluu tupu. Na wengi wa marehemu hao walianza kuumwa siku ya kwanza, si ya tisa.

Tuanze na kuamsha. Seli kavu utando wake umejikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Ikikutana na maji, ndani ya dakika chache utando unajaribu kujinyoosha, na wakati huo hauna uwezo wa kuchagua kinachoingia na kinachotoka. Maji yakiwa baridi, utando unakuwa mgumu, unajinyoosha vibaya, na vilivyomo ndani vinavuja. Ndiyo maana huamshwa kwenye maji matupu ya nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika 15 au 20, kisha unaizoesha polepole hadi tofauti ya joto kati ya bakuli na chombo iwe chini ya nyuzi 10. Wewe uliitupa kwenye sukari nzito iliyopoa. Sehemu ya jeshi lako ilikufa kabla ya kupiga hatua.

Sasa waliosalia. Gramu 300 za sukari ya kawaida kwa lita ni kama moli 0.88. Ukipiga hesabu ya shinikizo la osmosisi, yaani nguvu ya sukari kufyonza maji kutoka kwenye seli, inakuja angahewa 21 au 22. Lakini hamira haiishii hapo. Ina kimeng'enya kinachokaa nje ya utando, kwenye ukuta wa seli, kinachokata kila molekuli ya sukari ya mezani kuwa mbili: glukosi na fruktosi. Yaani hamira yenyewe, kwa kujitayarishia chakula, inajiongezea shinikizo karibu mara mbili. Angahewa 40 na kitu! Maji yanafyonzwa kutoka ndani, seli inasinyaa, na ili isife inaanza kutengeneza gliseroli na kuijaza tumboni ili ivute maji yabaki. Inafunga hata mlango ambao kwa kawaida gliseroli hupitia kutoka nje. Ule ukimya wako wa siku ya kwanza ndio huo. Haikulala, ilikuwa inajiokoa, na kila gliseroli iliyotengenezwa ni sukari ambayo haitakuwa pombe.

Hewa sasa, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Kweli uchachushaji wa pombe hauhitaji oksijeni. Lakini hamira *kukua* inahitaji kidogo. Utando wake unajengwa kwa ergosteroli na mafuta yenye asidi zisizoshiba, na vyote viwili haviwezi kutengenezwa bila oksijeni. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1950: bila hewa kabisa, lazima uipe ergosteroli na asidi ya oleiki kutoka nje, vinginevyo haikui. Wewe ulichemsha maji, oksijeni yote ikatoka, kisha ukafunika. Seli mama ikigawanyika inamgawia mtoto nusu ya ergosteroli yake. Mtoto naye anagawa nusu ya nusu. Baada ya vizazi vitano una umati mkubwa wa seli zenye utando wa maskini. Umati huo ndio uliokunguruma siku ya nne ukafurahi.

Pombe inaua kupitia utando. Ethanoli inajipenyeza katikati ya mafuta na kuyalegeza. Protoni zinaanza kuvuja kuingia ndani, asidi inapanda, na pampu ya protoni inafanya kazi mchana na usiku kuzitoa, ikila nishati ambayo tayari ni haba, kwa sababu katika uchachushaji seli inapata ATP (sarafu yake ya nishati) 2 tu kwa kila glukosi. Joto nalo linalegeza utando uleule. Nyuzi 34 peke yake hamira inavumilia. Asilimia 9 ya pombe peke yake pia inavumilia. Zikutane juu ya utando usio na ergosteroli, ndipo inakuwa kama ulivyoona.

Chakula sitakikalia sana. Sukari nyeupe haina nitrojeni, haina vitamini, haina madini. Watu wa divai hawashuki chini ya miligramu 140 au 150 za nitrojeni inayolika kwa lita, na sukari ikiwa nyingi kama yako wanapanda zaidi. Wewe ulikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo pakiti haikudanganya. Asilimia 18 ni ya hamira iliyolelewa. Ustahimilivu hauuzwi ndani ya pakiti peke yake, hujengwa saa 24 za kwanza.

Mpita Njia

Naomba nifute utani wangu wa juu.

Kizibo

Seli Moja, nimesoma mara mbili. Kwa hiyo ile pakiti ya pili niliyotia siku ya tisa?

Seli Moja

Uliwatoa usingizini ukawatumbukiza kwenye asilimia 9 ya pombe bila chakula. Walikufa haraka kuliko wa kwanza. Chombo kilichogoma hakiongezewi hamira kavu. Unaamsha hamira pembeni, unaianzishia kiasi kidogo, kisha unaichanganya na kile kilichogoma kidogo kidogo ili ikizoee kilevi huku ikiwa hai.

Mwana wa Jeni

Maelezo matamu, lakini unamfanya mdau aondoke akiamini mbegu si kitu. Mbegu ni kitu!

Mwaka 2006 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walibadilisha jeni moja tu, SPT15, inayotengeneza protini inayoshika DNA pale jeni nyingi zinapoanza kusomwa. Badala ya kugusa jeni moja ya ustahimilivu, waligusa swichi kuu, mamia ya jeni yakabadilika kwa pamoja, na hamira ikavumilia ethanoli na glukosi kuliko mzazi wake. Mwaka 2014 kundi la Jens Nielsen kule Chalmers, Sweden, liliilea hamira kwenye nyuzi karibu 40 kizazi baada ya kizazi hadi ikazoea. Walipoisoma DNA wakakuta mabadiliko kwenye jeni ya kutengeneza ergosteroli: utando sasa ulijaa fekosteroli, binamu wa ergosteroli, badala yake. Hakuna malezi ya saa 24 yatakayokupa hilo.

Na Brazil je? Viwanda vya ethanoli vya miwa hutumia hamira ileile tena na tena msimu mzima, na kila mzunguko wanaiosha kwa asidi ya sulfuriki hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi, kadiri kinavyoshuka asidi ni kali zaidi) ya 2 na kitu ili kuua bakteria. Walikuwa wakianza msimu na hamira ya dukani, halafu baada ya wiki kadhaa wakipima wanakuta imekwisha, chombo kimetawaliwa na hamira ya mwituni iliyojiingiza yenyewe. Wakaacha kupigana nayo. PE-2, mojawapo ya hamira zinazotegemewa sana kule, ni mvamizi wa namna hiyo aliyepandishwa cheo. Jenomu ya uzao wake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa 2009. Ustahimilivu huo haukutoka kwenye bakuli la maji ya nyuzi 38.

Seli Moja

Mwana wa Jeni, sikubishii kuhusu PE-2. Yule ni mwenyewe. SPT15 ndiyo naiwekea alama ya kuuliza. Kundi jingine lilirudia 2009 likaona kwamba faida ya ile jeni ilihusiana na hamira ya maabara kushindwa kupata lusini (asidi amino, tofali la protini) ya kutosha kwenye chakula ilichopewa. Yaani jeni ya ustahimilivu kwa sehemu kubwa ilikuwa inatibu njaa. Unaona tunarudi wapi?

Halafu kuna jambo la hamira za sake, pombe ya mchele ya Japani, ambalo kila nikilifikiria linanichekesha. Hamira zile zinafika karibu asilimia 20 ya alkoholi. Ungetarajia zina mfumo wa kujikinga na msongo kuliko nyingine zote. Wajapani walipozichunguza, na matokeo yakatoka kwenye 2011 na 2012, wakakuta kinyume: jeni za kupiga kengele ya hatari zimeharibika. MSN4 haifanyi kazi. RIM15, inayoiambia seli iache kazi na kujikunyata ikisubiri nyakati nzuri, imekatika. Ukiirudisha RIM15 nzima, hamira inachachusha polepole.

Maana yake, seli inayosikia msongo vizuri ndiyo inayoacha kazi mapema. Hamira ya sake ni kama mlinzi kiziwi, king'ora kinalia yeye anaendelea. Inakufa haraka zaidi ikipigwa na ethanoli ghafla, lakini kabla ya kufa imeshamaliza sukari. Na sukari yenyewe haipewi yote siku moja. Ukungu wa koji unavunja wanga polepole ndani ya chombo kilekile, kwa hiyo shinikizo la sukari halipandi kama la Kizibo.

Kwa hiyo tukisema "ustahimilivu" tuseme tunataka upi. Kubaki hai ni jambo moja na kuendelea kufanya kazi ni jambo jingine, na wakati mwingine hivyo viwili vinagombana.

Mwana wa Jeni

Hapo kwenye RIM15 umenipata. Ila bado unatetea hoja yangu bila kujua: RIM15 ni jeni, si malezi.

Nyuzi40

Swali la pembeni. Nilisoma kwamba ukiipa hamira msongo mdogo kwanza, inakuwa ngumu kwa msongo mkubwa unaofuata, hata kama ni wa aina tofauti. Ni kweli au ni hadithi?

Seli Moja

Kweli kabisa, na ni jaribio la kwanza ninalowaonyesha wageni. Chukua hamira iliyokuwa nyuzi 25, ipeleke 37 kwa saa moja, kisha 50. Wengi wanabaki hai. Ile iliyorushwa 50 moja kwa moja inateketea. Ndani ya ile saa imekusanya trehalosi, sukari inayoshikilia utando na protini visiporomoke, na imetengeneza protini za joto kama Hsp104 inayofumua protini nyingine zilizofungamana. Kinga hiyo inasaidia hata kwenye pombe na ukavu.

Lakini usishangilie mapema. Glukosi ikiingia tu, seli inaivunja trehalosi yake ndani ya muda mfupi. Ukiitupa kwenye sukari nyingi, silaha inayeyuka mkononi. Mafunzo yanasaidia kuvuka saa za mwanzo, hayakufikishi siku ya tisa.

Kizibo

Na lile la potasiamu? Kuna mtu aliwahi kusema humu kwamba chumvi inaongeza pombe.

Mwana wa Jeni

Hilo ni la 2014, MIT tena, na linawapa nyote wawili nusu ya haki. Waliongeza kloridi ya potasiamu na kupandisha pH ya nje. Tofauti ya potasiamu kati ya ndani na nje, na ya protoni kati ya nje na ndani: hizo ndizo betri mbili za utando, na ethanoli inazimaliza zote. Ukiziongezea chaji kutoka nje, hamira inadumu. Kilichonivutia ni kwamba kila seli ilitengeneza pombe ileile kama zamani, ila seli nyingi zaidi zilibaki hai hadi mwisho. Kisha wakaongeza nguvu ya pampu zenyewe kwa njia ya jeni, na hamira dhaifu ya maabara ikazipita za viwandani.

Bi Kipimo

Kizibo, usikimbilie kopo la chumvi ya mezani. Hiyo ni sodiamu, na hamira inatumia nishati kuitoa nje. Utakuwa umeongeza mzigo.

pH nayo ina habari yake. Asidi ya asetiki, ambayo bakteria wakiingia wanaitengeneza, ina kizingiti cha pH 4.76. pH ikiwa hapo, nusu yake haijagawanyika na inapenya utando bila hodi. Ikishuka hadi 3.76, zaidi ya asilimia 90 inapenya. Ikifika ndani, ambako pH ni karibu na 7, inagawanyika na kuacha protoni. Maji ya sukari nyeupe hayana kinga ya pH, yanaporomoka haraka sana. Pima, usikisie.

Mpita Njia

Nitrojeni si ipo kwenye urea ya shambani? Kijiko kimoja tu.

Bi Kipimo

Hapana! Urea ikikaa na ethanoli inaunda ethili kabameti, na shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2A, yaani ya kushukiwa sana kwa binadamu. Na mbolea ya shamba haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Tumia fosfeti ya daiamonia ya daraja la chakula, au chemsha hamira kuukuu uiue uitie. Wafu wanalisha walio hai, na maganda yao yananasa asidi za mafuta za mnyororo wa wastani zinazosumbua hamira mwishoni. Ila nitrojeni itie theluthi ya mwanzo ya uchachushaji. Pombe ikishapanda, seli inashindwa hata kuimeza.

Kizibo

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadaye. Chombo cha zamani nimekiacha kilivyo, nimeanza upya.

Hamira gramu 0.5 kwa lita, maji ya nyuzi 38, dakika 20. Sukari nilianza na gramu 160 kwa lita, nikaongeza 70 siku ya tatu na 70 nyingine siku ya sita, jumla ileile 300. Kabla ya kutia hamira nilimimina mchanganyiko kutoka chombo hadi chombo mpaka mikono ikauma, na nikarudia saa 20 baadaye. Hamira iliyochemshwa ndani, fosfeti kwa awamu mbili. Chombo ndani ya beseni la maji, hakikupita nyuzi 25.

Povu lilianza saa ya nne. Saa ya nne, si siku ya pili. Limekoma siku ya 17, haidromita 1.004. Sukari nakaribia sifuri!

Bi Kipimo

Hongera sana, lakini hujakaribia sifuri. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji, 0.789, inakushushia kipimo. Kwa jumla ya sukari uliyotia, 1.004 inanipa kama asilimia 14 na nusu, na bado kuna sukari kadhaa humo. Onja: kama utamu ni mkali, ni fruktosi. Hamira hupenda glukosi kwanza, fruktosi huachiwa wazee waliochoka mwishoni.

Kizibo

Utamu upo kweli. Lakini kutoka 9 hadi 14 na nusu kwa pakiti ileile, silalamiki.

Mwana wa Jeni

Nami silalamiki, ila jaribio lako halijajibu ubishi wetu. Umebadilisha mambo sita kwa mpigo. Chukua hamira ya kawaida ya kuumulia mkate, ilee hivyohivyo, iweke kando ya hiyo ya 18. Sukari sawa, beseni moja, hewa sawa. Hapo tutajua malezi yanafika wapi na mbegu inaanzia wapi.

Seli Moja

Hilo naliunga mkono. Na ukiweza, pima kila siku saa ileile. Usingoje mwisho.

Kizibo

Nimeanza juzi, lita tano tano, beseni moja. Leo asubuhi ile ya asilimia 18 ilisoma 1.034. Ya mkate 1.030. Mwana wa Jeni, usiseme kitu kwanza.